Yuko Chini ya Ng'ombe

Gwata, Kibaha
Jumapili mchana

Mama mkwe wangu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa mlangoni, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, maana wiki nzima nimebeba zege kule Kwala na nyayo zimepasuka. Ukiacha hayo tuko wazima, mimi na mjukuu wako Elia. Vipi mguu wako? Baridi ya huko Mbulu miezi hii haina huruma na mifupa. Na maharage mliyawahi, au mvua iliwatangulia? Huku jua linatuchoma tangu asubuhi, na malori ya bandari kavu yanatupulizia vumbi mpaka kwenye sufuria.

Anayekusomea barua hii, nadhani ni yule binti wa jirani yako mwenye simu, namwomba asome yote. Asiruke hata pale nitakapokosa adabu.

Mama, ujumbe wako ulinifika. Uliniuliza jambo moja tu: "Umemweka wapi mwanangu?" Halafu ukasema karatasi ya kiwanja nimpe shemeji Gwandu, aishike yeye. Nilikuwa kazini. Nilitua ndoo, nikakaa juu ya rundo la mchanga mpaka msimamizi akaja kuuliza kama naumwa. Sikukujibu kwa simu kwa sababu simu haina mahali pa kutia karatasi, na kuna karatasi nataka uishike kwa mkono wako.

Najua jambo lilivyofika kwako. Gwandu, mwanao mdogo, analinda ofisi moja pale Kibaha mjini. Kwenye meza ya wageni alikuta kijarida, akafunua, akaona jina langu chini ya picha. Picha ina nyumba, ina vilima, ina ng'ombe. Kaburi la kaka yake, mume wangu Boay, halimo. Akaipiga picha kwa simu, akaituma kwa jirani yako pamoja na maneno yake, kwamba shemeji amemfuta Boay, anataka kuuza kiwanja aolewe kwingine. Sikatai, kaburi halimo. Nataka ujue kwa nini.

Tangu viwanda vianze kuota Kwala, huku Gwata tunamwogopa mtu mwenye karatasi kuliko mwenye panga. Wenzetu wa ng'ambo ya barabara walishahesabiwa. Waliulizwa miti mingapi, choo kiko wapi, makaburi mangapi, eti kila kitu kitalipwa fidia. Baadaye nyumba zikapigwa alama ya X kwa rangi nyekundu, na wenye makaburi wakaambiwa wajiandae, marehemu watahamishwa. Upande wetu bado. Inasemwa tu kwamba watakuja.

Basi siku moja akaja binti kutoka Kisarawe, anaitwa Tunu, na mwenzake mmoja, wamebeba karatasi nyeupe na mfuko wa kalamu za rangi. Wakatukusanya wanawake saba kwenye kibaraza cha jirani yangu Mama Zainabu, Mkwere wa hapa hapa. Chai wakapika wenyewe. Hawakuandikisha kikundi, hawakutaka kiingilio, hawakumtaja Mungu. Hapo ndipo nilipozidi kuogopa. Mtu asiyetaka kitu, Mama, ujue anataka kikubwa.

Tunu akasema wanatengeneza kijarida cha wanawake, cha picha na maneno machache, na safari hii wanataka picha za nchi ambayo haijawahi kuwepo, nchi ambayo mwanamke ndiye anayeamua kitu gani kikae wapi. Nyumba ikitaka kukaa juu ya mti ikae. Mto ukitaka kupanda mlima upande. Hakuna wa kutuuliza.

Mama Zainabu akaniinamia sikioni. "Nchi haijawahi kuwepo, lakini mikorosho yake wataihesabu. Chora mingi, Mama Elia."

Yeye ana mikorosho minne. Alichora mpaka karatasi ikajaa, akaongeza kisima, vyoo vitatu na makaburi saba. Nikamwuliza makaburi saba ya nani, maana namjua marehemu wake mmoja tu.

"Watapatikana," akasema, hata kichwa hakuinua.

Mwingine akachora banda la kuku refu kuliko shule. Kila mmoja alikuwa anachungulia ya mwenzake ili asizidiwe. Tunu akizunguka anatusifu, kwamba hajawahi kuona kina mama wenye ndoto kubwa kama sisi. Nami nikasema moyoni, huyu anajifanya mjinga ili tusimstukie.

Sasa nikuambie kosa langu. Kati ya zile kalamu niliiona nyekundu. Wakati wanamimina chai niliichukua nikaifutika kiunoni, ndani ya kanga. Nilijiambia, nyekundu isipokuwepo, hiyo X itapigwa na nini? Tunu aliitafuta mpaka chini ya mikeka, na mimi nikamsaidia kuitafuta. Ni wizi, nakiri, na padri nimeshamwambia.

Kuhusu kaburi niliwaza hivi. Wenzangu wanaongeza makaburi ya uongo, nayo hata yakihamishwa hakuna wa kulia, kwa kuwa hayana mtu. La kwangu lina mtu. Mwanao alihama vya kutosha. Alitoka kwako akaja Kisarawe kulima mihogo ya watu, akatoka Kisarawe akaja huku. Homa ikamlaza siku nne tu. Siku tunamzika wewe ulikuwa umelazwa na huo mguu, hukuweza kuja, na mpaka leo hujaliona kaburi lake. Nikasema huyu hahami tena, na hawa wenye kalamu hawatamwona.

Ndipo nikachora. Hapa hakuna vilima, nikavileta vya Mbulu, vyote ninavyovikumbuka. Nikachora nyumba, nikajiweka mlangoni. Na pale alipolala Boay nikamlaza ng'ombe juu yake. Si ng'ombe wa kubuni. Ni yule jike wako mwenye baka jeupe usoni, ambaye Boay alimchunga utotoni, yule ambaye mlisema akishalala njiani hata kijiji kizima hakimwinui. Nilimfanya mrefu kuliko nyumba. Kwenye simu ya jirani baka halionekani, ndiyo maana kijarida chenyewe nimekutilia ndani ya bahasha hii. Fungua ukurasa wa tisa, umtazame usoni, utamjua.

Tunu aliuliza, "Dada, mbona ng'ombe kaizidi nyumba?"

"Kwetu wanakua hivyo," nikamjibu.

Akaliandika jibu langu chini ya picha. Ndilo hilo Gwandu alilolisoma.

Kwa hiyo swali lako nimelijibu, Mama. Yuko chini ya ng'ombe.

Baada ya mwezi wakatufuata na gari, Noah, wakatupeleka Kisarawe. Tuliamini tunakwenda kutia sahihi. Nilivaa nguo ya kanisani, karatasi ya kiwanja nimeifunga kifuani. Kumbe ni chumba tu, picha zetu zimebanwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, vijarida vilivyochapwa viko mezani, na vijana wanapita wanatazama, wengine wametoka Dar es Salaam. Binti mmoja wa miwani akasimama mbele ya makaburi saba muda mrefu, kisha akamwuliza Mama Zainabu kama hao ni wanawake waliosahauliwa. Mama Zainabu akamtazama, akatutazama sisi, akasema, "Ndiyo, mwanangu. Na wengine sikupata nafasi ya kuwachora." Yule binti akafuta machozi. Nikataka kucheka, nikashindwa, kwa sababu hata mimi sikujua tena kama ni uongo.

Mwingine akauliza mbona kijarida kizima hakina nyekundu. Tunu akajibu, "Nyekundu ilitupotea Gwata," halafu akanitazama. Anajua au hajui, sijui. Tangu hapo sijamwelewa.

Tukarudi na kijarida kimoja kimoja, bila hata senti. Njia nzima Mama Zainabu amenuna. Tulipofika Mlandizi ndipo akasema, "Yaani mikorosho yangu yote ile, bure?"

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hawakuwa watu wa kuhesabu, walikuwa wachoraji. Lakini sijawaamini wote, na wewe usiwaamini kwa sababu yangu. Mtu anayemwuliza mnyonge angetaka nchi gani, halafu anaondoka na picha yake, bado namtazama mara mbili.

Sasa niseme la adabu mbaya. Karatasi ya kiwanja simpi Gwandu. Nasema nikiwa nimepiga magoti, lakini simpi. Jina la mwanao liko juu na la kwangu liko chini yake, na dole gumba ni langu. Gwandu yuko Kibaha mjini, mwendo wa asubuhi moja. Tangu siku ya mazishi hajaja kung'oa hata jani kwenye kaburi la kaka yake. Usinisadiki mimi. Mpigie simu umwulize kaburi liko upande gani wa nyumba. Akishindwa kukujibu, utajua nani amemfuta Boay.

Nisalimie wifi yangu mkubwa anayekuchotea maji, umwambie sweta la Elia linamtosha. Nisalimie mjomba wa marehemu aliyetupa mbegu za maharage, zimeota ingawa udongo wa huku ni mchanga mtupu. Na katekista aliyetufungisha ndoa, aendelee kututaja katika sala.

Ndani ya bahasha utakuta pia karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Hiyo haimo kwenye kijarida na hakuna aliyeiona. Nimeichora leo asubuhi nikiwa nimekaa kando yake. Kaburi liko upande wa jua linakochomoza, hatua kumi na mbili kutoka mlangoni. Mawe niliyapanga mwenyewe, na kichwani kuna msalaba wa mti. Kwa barua hii natumia kalamu ya bik ya Elia, lakini kaburi nimelichora kwa ile kalamu niliyoiba, kwa sababu nimechoka kuiogopa. Kwa hiyo msalaba umetoka mwekundu. Ukiuona usishtuke, Mama, si alama ya kubomoa. Ni mwanao, yuko mahali pake.

Mkweo,
Paskalina, Mama Elia