Tarehe 31 Bado Imo

Warszawa, 14 Novemba

Kwa kaka yangu mpendwa Ambroży,

Hujambo kaka, na kifua kinaendeleaje na baridi hii? Wifi Halszka bado anasumbuliwa na magoti? Mimi ni mzima wa mwili, ila usingizi umenikimbia tangu uliponisomea kwa simu hukumu ya mahakama.

Basi wamesema sheria ya kuwamilikisha watu nyumba za reli ilikufa tarehe 31 Desemba siku ilipoanza tu, saa sita usiku, wala si ilipokwisha, na wewe uliyepeleka fomu ya kuomba nyumba yenu saa tatu asubuhi siku hiyo ulichelewa kwa saa tisa. Lo! Miaka arobaini na moja baba na wewe mmefunga na kufungua kizuizi cha reli pale, halafu saa tisa! Na yule karani wa kupokea fomu akakuuliza kama ulikuwa unasubiri treni. Nililia, kaka.

Unajua kazi yangu ni kuandika miswada. Usichojua ni kwamba sheria hiyo niliiandika mimi. Nilipofika pa kusema inakoma lini, niliona mtu anaweza kuisoma hivi au vile, nikaweka alama ya penseli pembeni. Mkuu wangu, Bwana Wierzbowski, akanicheka mbele ya wenzangu: eti maneno hayo kayakuta nami nitayaacha, au nimekuja kumfundisha kazi? Ofisini kwetu kila mtu hunakili alichonakili mwenzake. Nikaifuta.

Hilo pengine ungenisamehe. Lakini mkesha wa Krismasi iliyopita, tukiwa mezani na samaki wetu, uliniuliza kama tarehe 31 bado imo, la sivyo ungepeleka fomu mara tu baada ya sikukuu. Nikakwambia imo, usijisumbue, kula. Nilijua kuna shaka. Niliona aibu kukiri mbele ya Halszka, anayejivunia wifi yake mwanasheria, kwamba niliona kasoro nikanyamaza. Aliyekuponza ni mimi, kaka.

Ndani ya bahasha imo karatasi ile ya rasimu. Iinamishe dirishani, utaiona alama ya penseli niliyoifuta. Mpe wakili, mwambie nitakuja kusema mwenyewe. Watanifukuza kazi, na wanifukuze.

Mwisho wa rufaa ni tarehe 30. Usiniulize kama siku hiyo imo. Nenda kesho.

Msalimie wifi, kama bado atazitaka salamu zangu.

Mdogo wako,
Klementyna