Upande wa Paa Uliobaki Wazi

Jumatatu, 15 Novemba 1948

Nimekamua. Nimepeleka ng'ombe majini. Nimepanda tena juu ya nyumba na kikapu cha udongo. Peke yangu. Kazi ya asubuhi nzima imefunika mahali pa kulala mbuzi mmoja. Upande wa mashariki bado wazi, na chini yake ndipo kilipo kihenge changu cha mtama. Mvua ikiingia humo, mwaka mzima nitakula maneno.

Siogopi. Vita ile ya kwanza nilibeba mizigo ya Wajerumani mpaka Tabora. Wenye nguvu walikufa njiani, mimi nikarudi. Paa ni nini?

Hakuna tembe ya paa bapa la udongo kama hii yangu kutoka Ihanja mpaka Mwankoko. Mchwa ndio walionionea wivu, wakala boriti.

Jumanne, 16 Novemba

Niandike ilivyokuwa, maana watu wanaisema vibaya.

Paa la udongo si kazi ya mtu mmoja. Tangu babu zetu, mwenye nyumba hupika pombe, watu huja, wakimaliza kazi ndipo hunywa. Sisi wa kanisani tumekatazwa pombe. Tunasaidiana kwa zamu, na chakula ni ugali na togwa. Zamu yangu ilikuwa baada ya mjane Rebeka. Mimi, nimfuate mjane! Nikapika pombe.

Akaja jirani yangu Mghenyi, ambaye hajabatizwa, na ndugu zake. Wakapanda juu, wakaimba jina langu. Wakasema mzee huyu ni simba. Ilikuwa tamu kusikia. Nikawatolea mtungi kabla ya kazi kwisha. Wakanywa, wakalala palepale uani. Walipoamka wakaenda kwao.

Na mimi nilionja. Asiyeonja pombe yake, watu hudhani ametia sumu. Kuonja si kunywa.

Jumatano, 17 Novemba

Hakuna aliyekuja. Rebeka amepita na kuni kichwani. Ameniamkia bila kusimama.

Alhamisi, 18 Novemba

Mgongo unauma. Si uzee. Ni udongo wa mwaka huu, mzito.

Wazee wa kanisa walinikalia kikao. Wakasema nisipokee Meza ya Bwana mpaka nisimame mbele ya usharika na kusema nimekosa. Wote walinyosha mikono. Elia naye.

Elia! Tulibatizwa siku moja, maji ya bakuli moja. Baba zetu walipotufukuza kwa ajili ya ubatizo ule, tulilima shamba moja, tukalala ngozi moja. Mke wangu alipokufa, ukoo wangu ulikaa pembeni ukitazama, maana hakuzikwa kwa mila. Kaburi tulilichimba mimi na Elia. Halafu ananyosha mkono. Nilimtazama. Hakunyosha nusu. Aliunyosha wote.

Mwalimu Naftali anayeongoza ibada, nilimfundisha mimi kukamua, kamasi zikimtoka. Leo nisimame mbele yake? Sisimami.

Ijumaa, 19 Novemba

Ugali umekuwa mbichi. Nimeula hivyo hivyo. Mwanangu yuko Tanga kwenye mkonge, hana habari kama baba yake anapika.

Nimeanza kuzungumza na ng'ombe. Yule mwekundu anasikiliza kuliko wazee wa kanisa.

Mawingu upande wa Mandewa. Nimekwenda kumwita Mghenyi aje amalize. Akauliza, "Mtungi uko wapi, mzee?" Nikasema safari hii hakuna. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Basi waite watu wako wa togwa!"

Nimerudi juu ya paa peke yangu.

Jumapili, 21 Novemba

Nimesikia ngoma ya kanisa. Wamenizuia Meza, mlango hawakunizuia. Lakini sikwenda.

Nilivaa kanzu yangu safi, nikakaa nje kwenye kigoda, ili wapitao waone kwamba mimi nimekataa, sikukataliwa. Nimekaa mpaka jua limenihamisha. Wote wamepita njia ya bondeni.

Nilikuwa nimevaa vizuri sana.

Jumatatu, 22 Novemba

Elia amekuja. Mimi niko juu ya paa, yeye anatokea kwenye ua na jembe na kikapu. Hata hodi hakupiga.

Nikamwuliza toka juu, "Umekuja kuomba radhi?"

"Nimekuja kulima udongo. Unachimbia wapi?"

"Ulininyoshea mkono, Elia."

"Nilinyosha. Ulipika pombe, Zakaria. Wakiniuliza kesho nitanyosha tena. Sogea, unavunja fito."

Sikumkaribisha. Akapanda mwenyewe. Amekonda, na jicho lake moja lina ukungu. Vikapu vyangu vinajaa kuliko vyake. Nimemwambia hivyo. Akasema vyangu vinamwagika njiani, kwa hiyo tuko sawa. Tumebeba udongo mpaka jua la utosi. Sikumsamehe. Nimempa maziwa tu.

Jumatano, 24 Novemba

Siku mbaya.

Tulikuwa tumebakiza pembe moja. Nikawa namsimulia nilivyovuka mto na mzigo wa Wajerumani kichwani. Amesikia habari hiyo tangu ujana wetu. Akasema, "Mwaka jana maji yalikufika kiunoni. Mwaka huu yamefika shingoni." Akacheka kwa utani wake mwenyewe, akakanyaga boriti iliyoliwa na mchwa. Boriti niliyosema mimi kwamba ni nzima. Akapita nayo mpaka ndani, chini kabisa kando ya kihenge.

Nilishuka sijui kwa njia gani. Nilidhani amekufa. Nilimwita kwa jina la utotoni, lile tuliloliacha tulipobatizwa.

Mguu umevimba kama mbuyu. Nimembeba mgongoni mpaka kwake. Njiani akauliza, "Mzigo wa Wajerumani ulikuwa hivi?"

"Ule ulikuwa haupigi kelele."

Mkewe alitupokea kwa mikono kichwani. "Vizee viwili juu ya paa kama tumbili!" Akatugombeza sawasawa, mimi na mgonjwa. Nimekubali. Siku nyingi sijagombezwa na mtu.

Ijumaa, 26 Novemba

Mfupa haukuvunjika, asema mganga wa zahanati. Umeteguka.

Nimeweka boriti mpya na kuifunika ile pembe. Mvua imekuja mchana, kubwa, ya kwanza. Nimesimama ndani kando ya kihenge, mkono juu. Paa halikuvuja. Nikasema kwa sauti, "Umeona!" Nyumba nzima hakuna wa kuona.

Jumapili, 28 Novemba

Elia aliapa atakwenda ibadani hata kwa kutambaa. Mkewe hana nguvu za kumshika. Nimekwenda mimi. Nilipanga kumfikisha mlangoni, kisha nirudi.

Lakini benchi la wazee liko mbele kabisa. Hawezi kufika peke yake. Tumeingia wamekwisha kuanza wimbo, tumepita katikati, wanawake kushoto, wanaume kulia, anaruka kwa mguu mmoja na kunikanyaga kwa huo huo. Nimemkalisha. Nikageuka niondoke. Wimbo ukawa umekwisha.

Nikaona nyuso zote. Ndipo nikajua nimesimama pale pale niliposema sisimami.

Mwalimu Naftali akafunga kitabu cha nyimbo, akangoja. Ningeweza kutoka. Mlango ulikuwa wazi. Elia alitazama chini, hakunisaidia hata kidogo.

Nikasema, "Nilipika pombe." Nikasema, "Ilikuwa pombe nzuri." Upande wa wanawake mtu akakohoa kicheko. Mwalimu akaendelea kungoja. Ni mtu wa kungoja, yule, tangu mtoto. Nikasema, "Nilikosa. Na mwenzangu ameumia juu ya paa langu, kwa sababu sikutaka kungoja zamu kama watu."



Mwalimu akasema, "Kaa, baba." Nilitaka kwenda nyuma. Elia akasogea kwenye benchi. Mimi si mzee wa kanisa, sina haki ya benchi lile. Nikakaa.

Meza ya Bwana nitapokea wakikaa tena kikao. Elia anasema safari hii atanyosha mkono kwa haraka.

Nimemrudisha kwake, nimekula huko. Nimerudi jioni kukamua. Nyumba kimya. Bega la kulia linauma, pale alipoegemea. Nimelipaka mafuta ya ng'ombe, nimekaa.