Diski ya Nzilani haitulii

Shiru, siamini! Dadangu Nzilani ametoka kutetea masters yake, online, kwa ofisi ya kanisa hapa Kyuso, penye network inashika. Mimi nilikuwa nimemshikia chaja.

Amewaonyesha panel diski aliyoipigia hesabu, ile gesi inazunguka shimo jeusi angani. Ikipata moto kidogo, joto linaingia haraka kuliko linavyotoka, mpaka diski inafura na grafu inapanda tu.

Prof akamkatiza: "Hesabu yako imeharibika. Ongeza kupoa, grafu itulie."

Itulie!! Ati itulie!

Wueh. Nzilani akamwambia, "Prof, ndengu zikifurika jikoni, nikikuchorea sufuria imetulia, zitaacha kumwagika?"

Prof wake, Shiru! Mbele ya panel yote!

Wamempa miezi mitatu arekebishe. Amefunga laptop, akaniangalia: "Nitawarudishia hii hii. Inafurika."