Ukurasa wa Kisima

Nyumba ya nyuma ya zahanati,
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumai mwili umeizoea baridi ya huko, na lile goti halikusumbui tena kwenye ngazi za hospitali ukiwa kazini. Sisi wazima. Mwanangu, ambaye mtaa mzima sasa unamwita Kinanda kwa anavyolia, ameota meno mawili. Nyumba yako naifagia kila Jumamosi; mlango wa jikoni tu ndio umevimba kwa mvua.

Ningekupigia simu, ila najijua. Ningesikia sauti yako nikaishia kukusimulia meno.

Shangazi, nimekukosea.

Kwenye kiwanja cha nyuma ya uzio wako wanataka kujenga kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu. Mwongozo wa serikali unasema kabla ya kibali lazima ifanyike tathmini ya athari kwa mazingira, na kila nyumba ya jirani iulizwe. Mtaalamu anayeandika ripoti aliniajiri nijaze fomu mlango kwa mlango. Nilizunguka nyumba arobaini, Kinanda mgongoni. Yako ilikuwa ya mwisho.

Siku hiyo mtoto alikuwa na homa. Nilikaa kibarazani kwako nikaijaza mwenyewe. Penye chanzo cha maji, ukiandika bomba unaendelea mbele. Ukiandika kisima, kuna ukurasa mzima: kina chake, umbali wake na mradi, wanaochota ni nani. Niliandika bomba. Penye pingamizi nikaandika hakuna, na penye sahihi, "kwa niaba yake". Si kwamba nilikisahau kisima. Nilikuwa nimekipa mgongo. Mimi, niliyeogeshwa kwa maji yake.

Ripoti ilipotoka, ilikuwa imeandikwa kwamba hakuna kisima karibu na mradi. Basi shimo la majitaka wamelichora upande wako.

Jumapili iliyopita bomba likakauka tena. Fundi cherehani akaja na ndoo zake, anacheka: "Mama Kinanda, kisima cha shangazi yako hakijui mgawo!" Nilishindwa hata kutabasamu.

Kesho yake nilimwendea mtaalamu. Akaniambia, "Dada, hiyo ni fomu moja tu. Ukiifuta, hizo nyingine ataziamini nani?" Nikamjibu kwamba thelathini na tisa niliuliza, hii sikuuliza. Kazi imeishia hapo. Barua ya kukiri nimeipeleka mwenyewe ofisi ya mazingira. Karani aliisoma mara mbili, akaigonga muhuri, akasema wanahitaji na maneno ya mwenye nyumba, na maoni yanafungwa tarehe 30.

Ndiyo maana bahasha hii ni nene. Fomu mpya imo. Kina cha kisima nimekipima kwa kamba, nimekiandika kwa penseli. Majina ya wanaochota pia. Penye maoni sijagusa. Usiandike la kunifichia aibu, wala la kuniridhisha. Mtu mzima hasemewi, nami nilikusemea. Ukimaliza, itume moja kwa moja ofisini. Anwani iko juu ya fomu.

Ukitaka kunigombeza, nigombeze, lakini jaza kwanza.

Nisalimie Mjomba na wale pacha wako watundu. Mungu akutunze kwenye zamu zako, na akurudishe nyumbani ukute maji yako yangali ya kunywa.

Mwanao akupendaye, hata ukininunia,
Mama Kinanda

Ukurasa wa kisima ni wa tatu. Nimeukunja pembe, usiupite.