Kwa Daudi, Aliyemwacha Jafari Kwenye Kivuko cha Bafwasende

Mwaka mzima umetimia leo, Daudi, tangu tukuzike, tarehe 9 Juni 1976, na mpaka leo hatujui kama kitabu chako kiliisha au hakikuisha. Anayeshika kalamu kwa niaba ya nyumba nzima ni dada yako Aziza, mwalimu, na mdomo wa Aziza unaujua, hauna breki. Ukikasirika huko uliko, kasirika naye.

Nani hakukujua hapa Makiso, katikati ya Kisangani? Ofisi zote zilikuletea mashine zao za kuandika, zile zilizojaa vumbi, zile zilizoangushwa, zile zilizomwagiwa bia siku ya sikukuu. Hukuwahi kumwambia mteja kwamba mashine yake imekufa. Ulisema imechoka, utaipumzisha siku mbili. Na ilipopona hukuijaribu kwa kugonga a-b-c kama mafundi wengine. Uliijaribu kwa kuandika ukurasa wa kitabu chako.

Ndiyo maana kila sura ina herufi zake. Sura ya tatu iliandikwa kwa mashine iliyokosa m, na Jafari akawa anamlilia "a a" yake kurasa kumi nzima, mpaka ukakaa ukajaza kila m kwa kalamu ya bic. Tulikucheka wewe! Ukacheka nasi, miwani ikakuanguka kwenye chai.

Kwa wasiojua: Jafari wa kitabu ni baba yetu. Alikuwa askari wa Force Publique, jeshi la Wabelgiji, akaondoka hapa mwaka 1941 kwenda vita vya Abisinia, mpaka Saio walikoshinda. Wenzake walirudi, yeye hakurudi. Mmoja wao alisema alimwacha Aba, mpakani, mzima, anacheka, anatafuta lori la kumleta nyumbani. Basi. Hakikuja kitu kingine, si barua, si mtu wa jeshi wa kusema amekufa. Na mama yetu, Mama Zaina, hakukaa eda, maana eda hukaliwa mume aliyekufa, na wake yuko njiani. Alitafutiwa waume wengine, akawafukuza kwa ufagio.

Ndipo ulipoanza kuandika. Kila Ijumaa baada ya swala ulimsomea kurasa mpya, naye juu ya mkeka anachambua pondu, majani ya muhogo, na kukusahihisha: "Hapana, baba yenu hakusemaka vile. Na samaki ya kukauka hakupendaka, toa ile." Ukatoa. Siku moja akaacha pondu akakushika mkono.

"Daudi, mutoto yangu, weye uko na machine. Mufikishe. Hata kama anafika kufa tu, afie hapa kwangu. Nitajua. Nitamukalia eda yake, nipumuzike."

Ukaapa mbele yetu sote. Ukamtoa Saio kwa miguu, ukamshusha Gambela, ukampandisha boti hadi Juba, ukamleta Aba, Paulis, Nia-Nia, na malaria yake na viatu vyake vilivyokatika. Ukurasa wa mwisho tulio nao ni wa 212. Jafari amekaa juu ya sanduku lake kwenye kivuko cha Bafwasende, anangoja mto Lindi upungue ili avuke. Kutoka pale mpaka mlangoni kwa Mama hazifiki hata kilomita mia tatu. Ungemvusha tu, Daudi! Mto gani huo wa kumkalisha mtu hivyo?

Homa ikakulaza siku tatu. Siku ya tatu, saa kumi alasiri, mke wako Micheline alikuinamia pale hospitali. (Karatasi za serikali zinamwita raia, citoyenne Lisungi, tangu majina ya Ulaya yakatazwe, lakini kwako alikuwa Micheline, na kwetu vilevile.) Yeye ni mtu wa Barumbu, kule mji mkuu, na nyinyi wawili siku zote mliongea Lingala. Alijua Mama anangoja nje, akakuuliza lile ambalo Mama angekuuliza: "Jafari, mokolo nini?" Jafari anafika siku gani?

Ukafungua macho, ukasema: "Lobi." Hukusema neno tena.

Lobi! Hapa Kisangani hata mtoto anajua taabu ya neno hilo. Jana ni lobi, na kesho ni lobi. Kitenzi ndicho kinachotenganisha, na kitenzi uliondoka nacho. Maisha yako yote umeongea Kiswahili na Mama yako, siku hiyo moja ukajibu kwa Lingala!

Micheline alisikia jana. Kwake ina maana uliandika mwisho kabla ya kulazwa, na karatasi ikabaki ndani ya mashine ya mtu. Amezunguka ofisi zote za mji, na kitenge chake cha msiba: "Pardon, citoyen, mume wangu hakusahau karatasi hapa?" Wengine walitafuta kwa moyo. Wengine walimcheka kabla hajatoka mlangoni. Shemeji yako Cyprien alikunjua utepe wa wino uliotumia mwisho, akautandaza juani uani, mita kwa mita, akitafuta jina la baba. Herufi zilikuwa juu ya herufi, hakuna kinachosomeka.

Mama alisikia kesho. "Mutoto yangu alisema kesho. Donc basi, ni kesho." Na kila Ijumaa anatandika mkeka.

Hatukuweza kuvumilia. Cyprien akaandika mwisho yeye mwenyewe, kwa nia njema: Jafari akavuka, akafika, akapigiwa vigelegele, akafa kitandani mwake amelala. Akamsomea. Mama alisikiliza mpaka nukta ya mwisho.

"Cyprien, aksanti. Lakini uyu si bwana yangu. Uyu ni mutu mwenye mumechoka naye."

Kisha akamgeukia Micheline, kama anavyomgeukia kila wiki: "Weye ulikuwa pale. Uso yake ilikuwa namna gani? Mutu akisema jana, uso iko ingine." Na Micheline analia, anasema, "Mama, sijui. Naapa sijui."

Ndivyo tulivyo, Daudi. Kama ulisema jana, ulishamfikisha akafia kwake, Mama ni mjane na eda yake imechelewa. Kama ulisema kesho, hana haki ya kulia. Anazeeka mbele yetu, hajui alie au angoje, nasi tunampelekea chai.

Juzi tulileta majina ya tangazo hili la kumbukumbu kwenye gazeti. Karani, mtu wa adabu, akapitia majina mpaka akafika kwa Mama, akainua kalamu. "Mama Zaina, niandike muke wa Jafari ao mujane wa Jafari?"

Tukaangaliana. Micheline akatazama sakafu.

"Acha nafasi, mutoto yangu," Mama akasema.

"Mama, gazeti haiachake nafasi. Watu watasema ni kosa yetu."

"Waseme."

Tunaokukumbuka ni mkeo Micheline. Wanao Hadidja na Juma. Dada yako Aziza. Shemeji yako Cyprien. Na mama yako mzazi, Zaina, .................... wa Jafari.

Hatutaacha kukukumbuka, Daudi.