Watu Arobaini na Mmoja wa Mtaa wa Juu

Kwa dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. Natumaini itakukuta mzima wa afya, wewe, shemeji na watoto, na kwamba kile kikohozi cha mdogo kimekwisha. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mguu wa Mama na tabia yangu, ambavyo vyote viwili bado havijapona.

Najua utajiuliza simu yangu imepatwa na nini hata nikaandika barua. Simu ni nzima. Lakini nikipiga, Mama hukaa karibu akijifanya anashona vifungo, kumbe sikio lote liko kwangu. Nawe ukisikia jambo usilolitaka unasema mtandao unakatika. Anayekuletea barua hii ni fundi cherehani, yule mama jirani. Nimemwambia akupe mkononi, asimpe hata shemeji, na asiondoke mpaka akuone umeifungua. Usikasirike. Unajua simwamini mtu.

Nilikuambia nimehamishiwa idara ya kupanga njia za mabasi. Nisichokuambia ni kazi tunayoifanya. Jiji limeamua kupeleka mabasi kwenye mitaa ambayo haijawahi kuyaona. Mitaa inayoomba ni mitano, na mabasi yaliyopo yanatosha njia mbili tu. Mmoja wa hiyo mitano ni mtaa wetu wa juu. Niliposikia nilijifungia chooni ofisini nikarukaruka peke yangu kama mtoto.

Nilikuwa namfikiria Mama. Tangu mguu uanze kumsumbua anashuka kliniki mara mbili kwa wiki, na njia ile unaijua, mawe na makorongo mtindo mmoja mpaka kwenye kalavati, pale maji yanapopita chini ya barabara, ndipo uione lami. Wakati wa mvua alianguka. Majirani walimteremsha akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, wanaume wanne wakipokezana, mwendo wa saa nzima. Aliniapisha nisikuambie. Daktari amesema akiendelea kukosa kliniki kila mvua inaponyesha, mguu utakatwa. Kwa hiyo nikizungumza habari ya basi, dada, nazungumza habari ya mguu wa mama yetu.

Mpango wenyewe ulikwenda hivi. Kwa wiki mbili wadodosaji, yaani watu wa kuuliza maswali, walisimama kwenye vituo vyote wakiwa na fomu: unakaa wapi, unakwenda wapi, umetoka nyumbani saa ngapi. Fomu zikifika ofisini tunaziingiza kwenye kompyuta, wenzangu wawili na mimi, mamia kwa siku, mpaka herufi zinacheza machoni na hujui tena unachoandika. Kisha mchoraji wa ramani anachora mstari kutoka kila mtaa. Watu wakiwa wengi mstari unanenepa, wakiwa wachache unakonda. Mitaa miwili yenye mistari minene zaidi ndiyo itakayopata basi. Huyo mchoraji tunamwita Rula, kwa sababu ya kazi yake, na kwa sababu anatembea amenyooka kana kwamba kuna mtu anampima.

Ramani ilipobandikwa ukutani nilikimbilia kuutafuta mtaa wetu. Nilikuta uzi. Watu arobaini na mmoja! Mtaa ambao ukipiga chafya unaombewa afya na watu zaidi ya hao. Mitaa mingine minne ilikuwa na mistari kama kamba za kufungia ng'ombe.

Hapo machale yakanicheza. Mimi si unanijua, mtu akitabasamu kabla hajasalimiwa nashika mkoba. Nikaanza kumchunguza Rula. Kwanza, wakwe zake wanakaa kwenye mmoja wa ile mitaa mingine minne, alikwisha kusema mwenyewe wakati wa chai. Pili, kila Ijumaa aliondoka na bomba la karatasi kwapani, na Jumatatu alirudi nalo limechafuka vumbi. Tatu, nikipita karibu na meza yake anafunga droo. Siku moja aliniuliza, kwa sauti ya upole iliyonichefua, kama njia ya kupanda mtaa wa juu ni mbaya kama inavyosemwa. Nikamjibu kwamba nitajuaje, mimi nakaa chini, penye lami. Akaviangalia viatu vyangu, akatabasamu. Tabasamu lile lilinikaa kooni siku mbili.

Mchana mmoja wenzangu walipokwenda kula, nilichakura kwenye pipa lake la taka. Ndiyo, dada, nilichakura. Nikapata kipande cha karatasi ameandika mtaa wa juu, arobaini na moja, kisha akaikata hiyo namba kwa wino na kuweka alama ya kuuliza. Nikajiambia nimemkamata. Kumbe kulikuwa na namba nyingine, na yeye ndiye anayeichezea.

Sikungoja kesho. Nikaingia kwa mkuu wa idara, nikafunga mlango, nikamweleza yote: wakwe, bomba, droo, karatasi. Nikamwambia pia kwamba nilimsikia Rula kwa masikio yangu akiwaahidi wakwe zake kwa simu kuwa basi litakuwa lao. Hilo la simu ndilo lililommaliza. Mkuu alisema mengine yote angeyaacha, lakini hilo haliachiki. Siku iliyofuata Rula aliambiwa akae nyumbani mpaka uchunguzi umalizike. Alikusanya kikombe chake na kalamu zake, akatuaga mmoja mmoja. Mimi aliniambia dirisha la upande wake nilifunge mvua ikija, maana maji huingia mpaka kwenye fomu. Nilidhani ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mkuu alinipa ufunguo wa stoo nihakiki fomu zote kwa mkono, upya. Siku tatu nimekaa juu ya boksi, mgongo unauma, vumbi puani. Nikalinganisha karatasi na kompyuta, na kompyuta na ramani. Hakuna namba hata moja iliyoguswa. Arobaini na mmoja walikuwa arobaini na mmoja kweli.

Basi nikahamishia shaka kwa wadodosaji. Nikamwita yule aliyesimama kituo cha chini, binti mwenye miwani iliyopinda, nikamkaba maswali. Alisema kwa kunikazia macho kwamba yeye aliandika alichoambiwa, na nisome sehemu ya maoni, kwani iliwekwa pale kwa urembo? Nikaenda kuisoma. Fomu za kituo cha chini pekee zilijaza maboksi sita. Watu elfu mbili na mia sita walisema wanakaa mtaa wa chini. Nilicheka kwa sauti humo stoo. Mtaa wa chini una nyumba mia tatu, wamelalaje humo, kwa zamu? Kisha nikaona alichoandika yule binti kwenye maoni, fomu baada ya fomu: amefika saa kumi na moja alfajiri, ana tope miguuni, amebadilisha viatu kwenye kalavati.

Kicheko kiliniisha, dada. Nani asiyejua kalavati? Viatu vya njia unaviweka kwenye mfuko wa plastiki unaubana chini ya jiwe, unavaa vya kazini, unajipangusa, unakwenda kusimama na watu wa lami. Mtu akikuuliza unakaa wapi, jibu linatoka kabla swali halijaisha. Wewe ndiwe uliyetufundisha, ile siku uliponyimwa kazi dukani kwa kuwa watu wa juu wanachelewa. Ulirudi umevimba macho, ukatukalisha chini, ukasema kuanzia leo sisi ni wa chini. Kila nyumba ya kule juu ina siku yake kama hiyo. Tumesema hivyo miaka mingi kiasi kwamba wala hatujisikii tunadanganya.

Katika boksi la nne nikakuta fomu ya Mama. Umri miaka sitini na minane, anakwenda kliniki, anatembea kwa fimbo, anakaa mtaa wa chini. Nilirudi nyumbani nimefura. Nikamwuliza imekuwaje, basi lenyewe la kwake, mguu wenyewe wa kwake! Mama hakupepesa hata jicho. Alisema watu wenye karatasi ni wa kuogopwa, na kwamba ni sisi wanawe tuliomwonya asije akatutia aibu makazini kwa kutaja tunapokaa. Alisema ametunza siri yetu hata mbele ya daktari, na sasa namgombeza kwa utiifu? Nilikwenda nikateka maji bila kutumwa.

Asubuhi yake nikafungua droo ya Rula. Mlikuwa na ramani aliyoichora kwa mkono, ya mtaa wetu, kila korongo na kila kichochoro, hata ule mfereji nyuma ya kwetu. Ijumaa akiondoka na lile bomba hakuwa anakwenda kwa wakwe. Alikuwa anapanda huko juu mwisho wa wiki na kuhesabu milango, mmoja mmoja. Alikwisha kufika elfu moja mia tisa na kumi na minne. Pembeni, kwa mwandiko wake ulionyooka, amejiandikia kwamba amwulize dada wa kompyuta, yaani mimi, anakaa huku, alimwona akibadilisha viatu, lakini amwulize taratibu, inaonekana hapendi ijulikane.

Dada, sasa nakuambia jambo ambalo bado sijamwambia hata Mama. Lile la simu nililitunga. Sikumsikia Rula akiahidi mtu lolote. Nilimwona mkuu anasitasita, nikahisi basi linatuponyoka, nikaongeza chumvi, na ilinitoka kwa urahisi ambao sasa unanitisha. Kazi yake nimeiua mimi, na kosa lake lilikuwa kuuhesabu mtaa wetu huku mimi naukana mbele yake.

Nilikwenda kwa mkuu nikamweleza hivyo hivyo, nimesimama. Ameniandikia onyo, na huenda likaja kubwa kuliko onyo. Kisha nikaenda nyumbani kwa Rula. Alitoka nje, akaurudisha mlango nyuma yake. Nilimwomba radhi mpaka maneno yakaniishia. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema amenisamehe, na ramani yake tuitumie, iko sahihi. Ila kurudi ofisini harudi, hata mkuu akimwita kwa magoti. Meza yake iko mbele ya yangu, alisema, na hawezi tena kukaa akiwa amenipa mgongo. Nililia njia nzima, na sikujali nani ananiona.

Sasa mambo yalipofika. Mkuu anasema milango bila watu haitoshi. Alhamisi saa tatu asubuhi kuna mkutano wa mwisho, na watu wa gazeti watakuwepo. Wakazi wa juu wakija wakasema kwa vinywa vyao wanapokaa, na wakaandikwa upya, mstari utanenepa. Wasipokuja, unabaki uzi. Nimepita mlango kwa mlango jioni nne mfululizo. Wananikaribisha kiti na hawaniamini hata chembe. Mmoja kaniuliza nani amenituma. Mwingine anasema naandikisha majina ili nyumba zao zibomolewe. Mke wa fundi bomba alikuwa akinitazama mikono muda wote. Walioahidi ni kumi na tisa, na sijui wangapi watakuja.

Nitasimama wa kwanza. Nitasema nimezaliwa juu, nimekulia juu, nakaa juu, na jina langu ni hili. Ubini wetu ni mmoja, dada, na gazeti linafika huko kwenu. Nakumbuka wakwe zako walipokuja mara ya kwanza, tulivyoazima sebule ya yule mwalimu wa chini tukawapokea humo kana kwamba ndiyo kwetu, na mama mkwe wako alipouliza choo kiko wapi, Mama akamfungulia kabati. Tumelicheka jambo hilo miaka yote hii. Lakini najua shemeji hajaambiwa mpaka leo, na najua unaliogopa.

Sikuandikii kuomba ruhusa. Ningeomba ungenikatalia, na ningekutii, na Mama angeendelea kuteremshwa kwa mikono ya watu. Nakuandikia upate nafasi ya kuwaambia mwenyewe kabla hawajaisoma kwa kuletewa na majirani. Mwambie shemeji leo. Sema ni mimi nimekulazimisha, kama hilo litasaidia, maana kwa sasa jina langu limeshachafuka, doa moja zaidi halitaonekana.

Mama naye anakuja mkutanoni, nimeshindwa kumzuia. Wameambiwa kila msemaji ana dakika mbili. Anasema hazihitaji zote, atawaonyesha mguu na kuwaambia anakaa wapi.

Msalimie shemeji, baada ya kumwambia. Wabusu watoto, na waeleze kwa bibi yao ni wapi hasa, kwa maana wataulizwa. Majirani wote wanakusalimu, na fundi cherehani ataniletea jibu lako, hata likiwa la matusi nitalipokea. Mungu akulinde.

Ni mimi mdogo wako, kitinda mimba,
wa mtaa wa juu.