Nusu ya Sentensi ya Daktari

Jumanne, jioni. Mvua ya mawe imepita na mtaa wetu wote wa Rosettenville unanuka udongo. Nimechoka mwili na roho.

Nianze na karavani, hii nyumba ya magurudumu ninamoishi. Niliinunua kwa sababu ya mlango wake. Kazi yangu ni ukalimani kwa njia ya mtandao: daktari yuko nchi ya mbali anasema Kiingereza, mgonjwa aliye mbele yake anasema Kiswahili, na mimi niko katikati yao, nimekaa huku Johannesburg. Sharti la kwanza ni chumba kinachofungwa, mtu mwingine asisikie. Kule katikati ya mji nilikuwa nalala chumba kilichogawanywa kwa pazia, tuko wanne. Siri za wagonjwa huwezi kuzificha kwa pazia.

Basi nikapata karavani kuukuu isiyotembea, nikaiweka uani kwa Mama Lurdes, mwenye nyumba wetu Mreno. Nikaisukumia chini ya banda la bati ili mvua ya mawe isiitoboe. Nilijiona mjanja kweli.

Papa Josué, Mkongo fundi magari wa jirani, alinicheka wiki ile ile. "Mama Mwanaidi, iyi yako ni kasha ya chuma ndani ya kasha ingine. Rezo itapita wapi?"

Mtandao haupiti. Rauta nimeifunga kwenye mpini wa fagio, nimeutoa dirishani, na bado nikifunga mlango napata vijiti viwili tu vya mtandao. Nikitoka uani vinajaa, lakini uani kuna wapangaji wanafua, na mimi nimeapa kutunza siri. Kabla ya leo, mwezi huu simu zilishanikatikia mara mbili. Kampuni imeniandikia kwamba ikikatika ya tatu naondolewa. Nikiondolewa narudi nyuma ya pazia.

Leo saa tisa mchana ikaingia simu. Mama mmoja, Mrundi kwa lafudhi yake, mtoto wake amelazwa. Dakika ishirini nimetafsiri vizuri: homa, damu, vipimo. Mama alikuwa anaongea na mimi, si na daktari. "Dada, umwambie sijalala siku tatu." Nikamwambia. Huku nje radi ikaanza kunguruma. Daktari akashusha sauti: mwambie mama kwamba mtoto wake…

Ikakatika.

Hilo nimewaandikia kampuni, na ni kweli. Ambalo sikuwaandikia naliandika hapa.

Uani palikuwa patupu. Radi ilishawakimbiza wote ndani, hakukuwa na mtu wa kusikia chochote. Hatua tatu nje ya mlango, kwenye ukingo wa banda, mtandao ungeshika. Na laini humsubiri mkalimani dakika nzima kabla ya kutafuta mwingine. Nalijua hilo vizuri.

Nilikaa. Mkono uko kwenye kitasa, macho kwenye simu, sekunde zinakwisha. Ile sauti naijua. Miaka mitatu nimeisikia. Daktari akiishusha vile, habari si njema, na anayeitamka kwa Kiswahili ni mimi. Mama yule angeisikia kutoka mdomoni mwangu.

Nilifurahi ilipokatika. Mungu anisamehe.

Labda alipewa mkalimani mwingine. Labda walibaki wanatazamana, yeye na daktari, hawana lugha. Sina jina lake, sina namba yake, na hata ningekuwa nayo siruhusiwi kumtafuta. Tangu saa tisa nimejaribu kula mara mbili, nimeshindwa.

Mvua ilipokata Papa Josué alipita kunijulia hali. Nikamwambia simu imekatika, basi. "Eish, pole, mama. Kesho asubui nakuja na benzangu wa garaje, tunaitosha karavani apa chini ya bati, tunaiweka inje. Mawe ikuje tu." Nilimshukuru bila kumtazama usoni.

Kampuni haijajibu. Wakiniondoa, nitamwambia kila mtu kwamba kosa ni la bati. Wakiniacha, kesho nitakaa ndani mlango umefungwa, vijiti vimejaa, na kila neno litanifikia mpaka mwisho wake.

Nitajificha wapi?